Bwawa la Kuogelea: Kwa Nini Jicho Peke Yake Halitoshi

Leo naomba uvumilivu wako kidogo, maana mada itaonekana ni ya wenye hoteli kubwa: usafi na usalama wa bwawa la kuogelea. Utauliza, bwana shamba ameingiaje kwenye mambo ya hoteli? Ngoja nikueleze.

Katika kata ninayohudumia kuna mzee mmoja, mkulima wa migomba na mfugaji wa kuku. Alijenga gesti ya vyumba sita kando ya barabara, na baadaye akaongeza bwawa la kuogelea. Siku za wiki wageni ni wachache. Jumapili watoto wa vijiji vya jirani huingia kwa kiingilio kidogo, na hapo soda na chipsi huuzika. Siku moja akanipigia simu, kwa kuwa alishaniona nikipima maji ya mabwawa ya samaki.

"Shikamoo mzee," nikamsalimia nilipofika.

"Marahaba bwana shamba. Kuna mama analalamika kwamba mwanawe anaharisha tangu Jumapili. Anasema ni bwawa langu. Hebu tazama mwenyewe, maji si yanang'aa haya?"

Ni kweli yaling'aa. Vigae vya bluu vilionekana hadi chini. Nikachovya karatasi ya kupimia. Klorini haikuonekana hata kidogo, na pH ilikuwa imepita 8. Sikuweza kumwambia kwamba mtoto yule aliugua kwa sababu ya bwawa, maana kuharisha kuna sababu nyingi. Lakini niliweza kumwambia kwamba bwawa lake siku ile halikuwa na kinga yoyote.

Sikumlaumu sana, kwa sababu kosa hilo nami nimelifanya. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilisimama ukingoni mwa bwawa la perege la mkulima mmoja, nikatazama maji, nikamwambia yako sawa. Sikupima. Alfajiri ya siku ya pili samaki walikuwa juu wakihema, na wengi wakafa kwa kukosa hewa ya oksijeni. Tangu hapo naogopa neno "yanaonekana sawa".

Ndiyo maana nimeamua kukuletea historia. Watu walitegemea jicho, wakazika wenzao, kisha wakajifunza kupima. Kila kanuni unayoiona kwenye kibao cha hoteli ina msiba nyuma yake, na ukiujua msiba huo hutaidharau kanuni.

Mabwawa ya kale: dawa ilikuwa kubadilisha maji

Kuogelea kwenye maji yaliyojengewa si jambo la juzi. Mjini Mohenjo-daro, katika nchi ambayo leo ni Pakistan, kuna bwawa la kuogea lililojengwa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Lina urefu wa karibu mita 12, upana wa mita 7 na kina cha karibu mita 2.4. Walilijenga kwa matofali yaliyobanwa vizuri, wakaziba kwa lami ya asili ili maji yasivuje, na wakaweka njia ya kuyatoa. Zingatia hiyo njia ya kutoa maji. Watu wale walijua kwamba maji yaliyooga watu hayakai milele.

Hata sisi tuna historia hiyo. Kilwa Kisiwani, katika jumba la Husuni Kubwa lililojengwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14, kuna bwawa la pembe nane ambalo magofu yake yanaonekana hadi leo. Zanzibar kuna hamamu ya Kidichi, ambayo Seyyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi mwaka 1850, na hamamu ya Hamamni mjini, iliyojengwa zama za Sultani Barghash aliyetawala kati ya 1870 na 1888.

Kwa karne zote hizo njia ya usafi ilikuwa moja: mwaga maji machafu, jaza mapya. Na mwamuzi wa lini umwage alikuwa jicho na pua.

Uingereza ilipopitisha sheria ya mabafu ya umma mwaka 1846, miji mingi ilijenga mabwawa ya watu wa kawaida. Kujaza bwawa kubwa ni gharama, hivyo maji yalikaa siku kadhaa kabla ya kubadilishwa. Mabwawa mengine yaliweka bei kufuatana na siku: maji yakiwa mapya, kiingilio ghali, yakishachafuka, kiingilio rahisi. Wewe mfanyabiashara utaelewa mara moja, ni kama nyanya za asubuhi na nyanya za jioni. Tofauti ni kwamba nyanya iliyolainika unaiona, na mchuzi bado utaunga. Mtu maskini aliyenunua maji ya bei rahisi alinunua pia ugonjwa usioonekana.

Kipindupindu kilipofundisha dunia

Katikati ya karne ya 19 wataalamu wengi waliamini kwamba kipindupindu kinaletwa na hewa yenye harufu mbaya. Mwaka 1854 kilipoua watu wengi katika mtaa wa Soho, London, daktari John Snow alifuatilia nyumba hadi nyumba mahali wagonjwa walipochota maji. Njia zikamrudisha kwenye pampu moja ya Broad Street. Mjane mmoja aliyekuwa amehamia Hampstead, mbali na mtaa ule, aliendelea kuletewa maji ya pampu hiyo kwa sababu aliyapenda. Kipindupindu kilimuua huko huko Hampstead. Maji yaliyompendeza ndiyo yaliyomuua.

Pwani yetu haikuponyoka. Mlipuko wa mwaka 1869 hadi 1870 uliua maelfu ya watu Zanzibar, na daktari James Christie aliyekuwa akiishi huko aliandika kitabu kizima kuhusu kipindupindu cha Afrika Mashariki, kikachapishwa mwaka 1876. Baadaye Barghash alileta mjini maji ya bomba kutoka chemchemi, ili watu wasitegemee visima vya katikati ya makazi.

Somo la mchanga likaja mwaka 1892 nchini Ujerumani. Miji ya Hamburg na Altona ilipakana, na yote miwili ilitumia maji ya mto Elbe. Altona ilichota sehemu ya chini ya mto, mahali ambapo uchafu wa Hamburg ulikuwa umeshaingia. Kwa jicho ungesema Altona ndiyo itakayokufa. Lakini Altona ilipitisha maji yake taratibu kwenye mchanga, na Hamburg haikuchuja. Kipindupindu kiliua zaidi ya watu 8,000 Hamburg, na Altona ikaathirika kidogo sana. Kuna mahali ambapo mpaka wa miji ulipita mtaani, na ugonjwa ukabaki upande mmoja wa mtaa.

Hapa usichanganye mambo. Mchanga wa Altona ulipitisha maji polepole, na juu yake ukaota utando hai unaokamata na kula vijidudu. Chujio la mchanga la bwawa la kuogelea linapitisha maji kwa kasi kwa nguvu ya pampu. Linakamata vumbi, nywele na uchafu, lakini vijidudu vingi vinapita. Kwa hiyo chujio linang'arisha maji, halimalizi kazi. Mzee wetu alikuwa na chujio zuri sana, na ndilo lililomdanganya.

Klorini: dawa inayookoa na kuua

Klorini ilitengenezwa mara ya kwanza na mkemia wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, mwaka 1774. Mwaka 1799 Charles Tennant wa Scotland alipata hataza ya unga wa klorini na chokaa kwa ajili ya kung'arisha vitambaa. Kwa hiyo unga ule wa kwenye ndoo za mabwawa ulianza maisha yake kama dawa ya nguo.

Mwaka 1847 daktari Ignaz Semmelweis, katika hospitali ya Vienna, aliwaamuru madaktari waoshe mikono kwa maji ya unga huo kabla ya kuwahudumia wazazi. Vifo vya akina mama vikashuka sana. Wenzake wengi walimpinga, na alikufa mwaka 1865 kabla ya kukubalika. Mikono ile kwa macho ilikuwa safi, kwani ilishaoshwa kwa sabuni.

Mwaka 1897 mji wa Maidstone, Uingereza, ulitumia unga huo kusafisha mabomba baada ya mlipuko wa homa ya matumbo. Mwaka 1908 daktari John Leal alianza kuweka klorini kidogo kidogo, kila siku, kwenye maji ya Jersey City, Marekani. Hakuomba ruhusa kwanza, na suala lake likafika mahakamani, lakini mahakama ikakubali kwamba maji yalikuwa salama. Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1910, bwawa la kuogelea la Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, likatiwa unga huo. Kuanzia hapo bwawa halikuhitaji kumwagwa kila wiki, maana maji yalibeba ulinzi wake yenyewe.

Lakini usisahau tarehe nyingine: 22 Aprili 1915. Karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, jeshi la Ujerumani lilifungulia mitungi ya hewa ya klorini na upepo ukaipeleka kwa maadui. Wanajeshi wengi walikufa kwa kuungua mapafu. Ni klorini ile ile. Ukichanganya unga wa bwawa na tindikali ya kusafishia vigae au choo, hewa hiyo hiyo inatoka mbele ya pua yako, ndani ya stoo yako.

Kwa nini ni lazima upime pH

Hapa mkulima una faida kuliko wengi, kwa sababu pH unaijua tangu shambani. Nimewahi kuwaeleza kwamba ukiweka DAP kwenye udongo wenye tindikali kali, sehemu kubwa ya fosforasi inafungwa na mmea hauipati. Mbolea ipo, lakini haifanyi kazi.

Klorini nayo iko hivyo, ila kwa upande wa pili. pH ikiwa karibu 7.5, takriban nusu ya klorini iko katika hali yenye nguvu ya kuua vijidudu. pH ikifika 8, inabaki karibu robo. Ikifika 8.5, ni kama sehemu moja ya kumi. Unaweza kumwaga ndoo nzima ukapoteza fedha tu. Ndiyo maana pH ya bwawa inatakiwa kuwa kati ya 7.2 na 7.8, na klorini huru kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita.

Jua nalo ni mwizi. Kama urea iliyoachwa juu ya udongo inavyopoteza naitrojeni hewani, klorini isiyo na kinga hupungua haraka sana ndani ya saa chache za jua kali. Dozi ya Jumamosi jioni haiwezi kulinda watoto wa Jumapili alasiri. Mzee wetu alikuwa akiweka makopo mawili kila Jumamosi, bila kupima.

Na ile harufu kali inayowasha macho, ambayo wengi husema "hapa kuna dawa ya kutosha"? Mara nyingi maana yake ni kinyume. Harufu ile hutokea klorini inapokutana na mkojo na jasho, ambavyo vina naitrojeni. Ni klorini iliyokwisha kutumika. Pua nayo, kama jicho, haitoshi.

Kijidudu kisichoogopa dawa

Mwaka 1993 katika mji wa Milwaukee, Marekani, takriban watu 400,000 waliugua kuharisha kutokana na maji ya bomba yaliyokuwa yametiwa klorini. Aliyewashinda ni kijidudu kiitwacho kriptosporidiamu. Wafugaji mnakifahamu bila kujua jina lake, maana ni moja ya sababu za ndama wachanga kuharisha. Kina ganda gumu, na kwenye bwawa lenye klorini ya kawaida kinaweza kuishi zaidi ya wiki moja.

Kwa hiyo dawa haitoshi peke yake. Kinga kubwa ni kumzuia mgonjwa asiingie. Anayeharisha asiogelee, na kama ni kijidudu hiki, asubiri wiki mbili baada ya kupona. Kila mtu aoge kwa sabuni kwanza. Mtoto mdogo apelekwe choo mara kwa mara. Hizi si kanuni za kuringia za hoteli za kitalii.

Mahali ambapo jicho ni la lazima

Nimelisema vibaya sana jicho, sasa nilipe haki yake. Kuna kazi ambayo karatasi ya kupimia haiwezi: kumwona mtu anayezama.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao ni watoto wa chini ya miaka mitano. Wengi huzama bila kelele. Maji yakiwa na ukungu, mtoto aliye chini haonekani hata kama watu kumi wamesimama ukingoni. Kanuni ni hii: kama huoni vizuri tundu la kutolea maji chini ya kina kirefu, funga bwawa.

Tundu hilo lenyewe ni hatari. Mwaka 2002 nchini Marekani binti wa miaka saba, mjukuu wa waziri wa zamani wa mambo ya nje James Baker, alinaswa na nguvu ya kufyonza ya tundu la chini, akafa. Mwaka 2007 ikapitishwa sheria ya nchi nzima kuhusu mifuniko salama ya matundu hayo. Ukiona mfuniko umevunjika au haupo, zima pampu na toa watu.

Nini ufanye

Kama una gesti yenye bwawa, au kijana wako ameajiriwa kulitunza, zingatia haya:

1. Pima klorini na pH kabla ya kufungua, na rudia mara kadhaa siku yenye watu wengi. Andika kwenye daftari tarehe, saa na vipimo.
2. Rekebisha pH kwanza, kisha klorini. Pima tena kabla watu hawajaingia.
3. Usizime pampu kubana umeme wakati watu wako majini. Osha mchanga wa chujio kama fundi alivyoelekeza.
4. Dawa iende kwenye maji, kamwe maji yasimwagwe kwenye dawa. Vaa glavu na miwani. Usichanganye aina mbili za klorini hata kama zinafanana.
5. Weka uzio na mlango unaofungwa, maandishi ya kina cha maji, boya na kamba, na mtu mzima anayejua kuogelea ambaye kazi yake ni kutazama tu. Anayeuza soda si mwangalizi.
6. Mtu akichafua maji kwa kuharisha, toa wote na funga. Usifungue hadi mtaalamu wa maji au afisa afya akuelekeze.
7. Usimwage maji yenye klorini kwenye bustani, mto au mfereji unaoelekea bwawa la samaki. Kiasi kidogo sana kinaua samaki. Acha kuweka dawa siku kadhaa, pima hadi klorini iishe, ndipo utoe.

Na wewe mwenye duka la pembejeo, hili ni lako. Unga wa klorini usikae rafu moja na mbolea, mafuta ya taa, oili au tindikali. Ukikutana na mafuta unaweza kuwaka wenyewe, na ukikutana na mbolea yenye amonia unaweza kulipuka. Usiupime rejareja kwenye chupa za soda, kwa sababu mtoto haoni dawa, anaona soda.

Hata wewe usiye na bwawa, ndoo yako ya maji ya kunywa inafuata historia hii hii. Yaache yatuame, chuja kwanza, kisha weka dawa ya maji kwa kipimo cha kwenye pakiti na usubiri muda ulioandikwa. Dawa ikiwekwa kwenye maji ya tope hupotea kupambana na tope.

Mzee wetu alifunga bwawa Jumapili mbili. Aliumia, maana Jumapili ndiyo siku yake ya mauzo. Alinunua kifaa cha kupimia na daftari, na binti yake aliyemaliza kidato cha nne ndiye anayepima. Mtoto wa yule mama alipona, na hadi leo hatujui aliugua kwa nini. Nilipopita wiki iliyofuata mzee hakuniuliza tena kama maji yanang'aa. Alinifungulia daftari.

Nawe kama una daftari la mayai au la maziwa, umeshaijua kazi hii. Fungua ukurasa mwingine, andika: maji.